Ombi la Kuchorewa Bwawa Kati ya Mlango Wangu na wa Dada Yangu

Kwa Wahariri wa Ramani ya Wote,
Chumba cha Nyuma, Karakana ya Baiskeli.

Ndugu Wahariri,

YAH: NJIA ISIYOKUWA NJIA

Kwanza poleni na kazi, ingawa mimi binafsi ningependa mpumzike kidogo.

Mimi ni mpeleka barua mstaafu. Nimepeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja, jua na mvua, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kushika ramani mkononi. Ramani nilikuwa nayo kichwani. Nilijua nyumba ipi ina mbwa na ipi ina bibi anayejifanya hayupo. Nilijua mlango gani unakwama mvua ikinyesha, na upige teke upande gani. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali mjue mnaongea na nani.

Nasikia ramani yenu ni ya bure, ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na kwamba mtu yeyote mwenye simu anaruhusiwa kuchora humo anachokijua. Mtu yeyote! Hebu fikirini posta ingeendeshwa hivyo, kila apitaye anachota barua moja na kuipeleka anakodhani. Binti yangu, ninayeishi naye, ananiambia huo ndio uzuri wake, kwamba watu wengi wakisahihishana mwisho wanaufikia ukweli. Nilimlea vizuri huyu mtoto, sijui aliniponyoka wapi.

Basi malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili msije mkasema hamkuelewa.

1. Miezi mitano iliyopita mtu wenu anayejiita Miguu Miwili alichora mstari wa nukta nukta. Mstari huo unaanzia barabara ya nyuma, unapita uani kwa dada yangu mkubwa, unakuja moja kwa moja mpaka mlango wangu wa nyuma, unakatiza uani kwangu na kutokea barabara kuu. Pembeni akaandika, nanukuu: "Njia ya miguu na baiskeli. Mlango wa chuma, kijani. Una kufuli. Hufunguliwa ukigongwa."

Ndugu Wahariri, hiyo si njia. Hizo ni alama za miguu yangu mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nikipitia kwa dada kunywa chai, hatua tisini na nne, nilizihesabu, na jioni nikirudi napita tena, mpaka nyasi zikachoka zikaacha kuota. Mlango huo nimeufunga kwa kufuli miaka sita sasa, kwa sababu nitakazozieleza chini na ambazo hazimhusu mtu. Miaka sita sijaweka hata kidole cha mguu upande wa pili. Leo nakuja kuulizwa na watu wazima wenye kofia ngumu kichwani, eti kwa nini njia ya watu wote ina kufuli!

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ni kweli, hufunguliwa ukigongwa. Mtu akikugongea utafanyaje? Mimi nimelelewa. Huwezi kumwacha binadamu nje na jasho lake. Lakini huyo Miguu Miwili alijuaje? Nani alimpa siri ya tabia yangu? Nataka jibu la swali hilo kwa maandishi.

2. Kwa kuwa niliwafungulia, wakazidi. Wa kwanza niliyempa kikombe cha maji aliweka alama ya bomba, akaandika "maji ya kunywa". Wa pili alikalia kigoda changu akifunga kamba za viatu, akaandika "mahali pa kupumzikia". Wa tatu nilimwazima pampu, na jioni ile ile ramani ikatangaza "pampu ipo, irudishe ulipoikuta". Jumapili iliyopita nimelifungua kufuli lile mara kumi na tisa. Kilikuja kikundi cha wastaafu wenzangu wanaotembea kwa ajili ya afya, wakaniuliza choo kiko upande gani, maana kwenye ramani hakipo, na mmoja wao akajitolea hapo hapo kukiweka.

Halafu kuna mahali ambapo watu hutoa maoni. Mmoja ameandika: "Mwenye mlango hufoka kidogo, lakini maji yake ni baridi." Naomba neno "kidogo" liondolewe. Mimi hufoka sana.

3. Nililalamika kwenu mara ya kwanza kupitia simu ya binti yangu. Mkanijibu kwa adabu, nakiri, kwamba mna desturi yenu: panapopitwa na watu ni njia, na mstari haufutwi kwa maneno, hufutwa kwa nyayo. Yaani nitembee na simu mfukoni, irekodi ninapopita na nisipopita, halafu mtaona wenyewe. Nikasema sawa, ngojeni. Siku nne nzima nikawa na simu mfukoni huku nikifanya shughuli yangu ya kila siku ya kuwafukuza watu wenu: kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji, kutoka kwenye mtungi mpaka mlangoni tena. Nikawatumia ushahidi.

Matokeo yake ni kwamba uani kwangu sasa pana mstari mnene kuliko barabara kuu. Hongereni sana.

Aliyenionyesha ni mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye hupita kwangu kila siku kwa baiskeli akienda kufundisha na akirudi. Alinyoosha kidole kwenye simu yake akasema, ajabu moja, mzee, nyayo zako zote zinafika mlangoni halafu zinageuka. Hakuna hata moja iliyovuka. Akaniuliza upande wa pili kuna nini. Nikamwambia atachelewa kipindi.

4. Upande wa pili kuna dada yangu, na hapa sina budi kueleza, japo roho haitaki.

Sisi tumebaki wawili, na hatusemezani. Chanzo ni siku ya kuniaga kazini. Ukumbi umejaa, mkuu wa posta yuko mbele na tai yake, dada akaomba kipaza sauti. Mimi nikajiweka sawa kwenye kiti, nikijua nasifiwa. Akawasimulia watu kwamba siku yangu ya kwanza ya kazi nilipotea, kwamba jua linazama sijarudi, akaja kunitafuta yeye, akanikuta nyuma ya ghala la saruji nimekalia mkoba wa barua, nalia. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa posta alicheka mpaka akavua miwani. Miaka thelathini na mmoja, Ndugu Wahariri, na nikatoka katika ukumbi ule vijana wa kuchambua barua wananiita Mpotevu!

Kwa kumbukumbu rasmi: sikupotea, nilichelewa kufika. Na sikuwa nalia, lilikuwa vumbi la saruji. Ni kweli kwamba wiki nzima baada ya hapo dada alinisindikiza, yeye mbele mimi nyuma nasukuma baiskeli, mpaka nikaushika kila mlango. Lakini hilo ni jambo la ndani ya nyumba. Si la kipaza sauti.

Sasa lalamiko lenyewe. Asubuhi watu wenu huingia kwanza kwa dada ndipo wanakuja kwangu, na dada hajui kumwacha mtu apite mikono mitupu. Wananifikia wamebeba salamu. Mama wa kule anauliza hali ya goti. Mama wa kule anasema upunguze chumvi. Mwanamke mmoja mwenye kigari cha mtoto, simjui hanijui, alinitazama toka juu mpaka chini akaniambia nimekonda, kisha akaomba radhi, si yeye anayesema, ametumwa akague. Hii ni posta, jamani! Ni posta isiyo na stempu wala bahasha, inayoendeshwa na watu waliovaa kaptura. Ujumbe unafika ukiwa umefunguliwa, na kila aliyekuwa njiani ameusikia.

Nami nikalazimika kujibu. Barua isiyojibiwa ni utovu wa adabu, hilo nimelisimamia maisha yangu yote. Nilijibu kwa ufupi tu. Nilimtuma mwalimu wa hesabu akirudi amwambie kwamba goti lipo. Kesho yake nikamtuma aulize, na lake je? Sasa tumefikia salamu nne kwa siku, na zote ni kosa lenu.

5. (Lalamiko hili nimelifuta. Lilihusu sweta ambalo dada alilifuma akalituma kwa mwendesha baiskeli mmoja, naye kwa kuwa mikono yote ilikuwa kwenye usukani, akaja amelivaa. Lilinifikia limelowa jasho la mtu mwingine. Lakini nimelifua, asubuhi siku hizi kuna baridi, na limenienea. Tuendelee.)

6. Jumatatu iliyopita mwalimu wa hesabu alisimama kwangu gurudumu lake la nyuma likiwa halina upepo. Mimi nimeinama nampigia pampu, yeye kashika usukani, akasema kwa wepesi tu, jinsi mtu anavyosema leo kuna mawingu, kwamba kumbe mama wa kule anahama mwisho wa mwezi. Mwanawe anamchukua wakaishi wote mji mwingine. Magoti yamekataa, na hapa hana mtu wa kumwangalia.

Hana mtu wa kumwangalia. Hatua tisini na nne.

Katika kazi yetu habari ya namna hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ilikuja ndani ya bahasha. Mpeleka barua alipiga hodi, akasubiri mwenyewe apate pa kuketi, ndipo akamkabidhi, na hakuondoka upesi. Mimi nimepewa nikiwa nimeinama, pampu mkononi. Niliendelea kupiga pampu mpaka gurudumu likapasuka. Namwomba radhi mwalimu, na darasa lake lililomsubiri.

Nimeumia, nalisema wazi, kwa kuwa nyinyi ni watu wa kutaka ushahidi. Dada huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Na mimi nimepata habari ya kuondoka kwake kama mpita njia mwingine yeyote, kupitia kwa mpita njia.

7. Jana binti yangu, ambaye sasa naona wazi kuwa yuko upande wenu, aliweka simu mezani mbele ya sahani yangu, akaiuliza ramani njia ya kutoka hapa mpaka kwa shangazi. Ramani ikajibu: mita sabini, dakika moja.

Dakika moja! Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Mimi mwenyewe safari hiyo imenichukua miaka sita na bado nipo kwenye kiti, halafu simu inanitangazia dakika moja mbele ya mwanangu wa kumzaa. Ramani yenu imepima nini? Imelipima kufuli? Imekipima kipaza sauti? Imepima kwamba mtu akifika kule atatakiwa kusema shikamoo, na hajui kama sauti itatoka? Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hii yenu ni fupi mno.

MAOMBI

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima:

(a) Njia hiyo ifutwe kabla ya mwisho wa mwezi, ili gari litakapokuja kumchukua dada pasipatikane mtu wa kuja kunieleza lilikuwa la rangi gani, na kama aligeuka kutazama nyuma.

(b) Mkishindwa kufuta, choreni ukuta. Ukuta usipotosha, maana wengine wa watu wenu wana miguu mirefu, naomba bwawa. Bwawa la wastani tu, kati ya mlango wangu na wa dada, kina kirefu kiasi cha kutopitika kwa baiskeli. Mtasema hakuna bwawa hapo. Nyinyi wenyewe mmeruhusu kila mtu achore anachokijua, na mimi bwawa hilo nalijua vizuri, nimekaa ukingoni kwake miaka sita. Mamba si lazima, ila kama mna alama yake sitakataa.

(c) Miguu Miwili aondolewe katika uhariri, anyang'anywe simu, na aletwe kwangu anieleze uso kwa uso nani alimwambia kwamba mlango wangu hufunguliwa ukigongwa. Simtakii mabaya. Nitampa maji, kisha nitafoka.

Nimalizie kwa kuwatakia kazi njema, ukiacha hiyo. Nisalimieni mwenye karakana, wastaafu wa matembezi, mwalimu wa hesabu na gurudumu lake, mwanamke mwenye kigari, na yule mtoto aliyemo ndani ya kigari, ambaye peke yake kati yenu wote hajawahi kuniletea ujumbe.

Wenu asiyepotea,
Mpeleka Barua Mstaafu,
Mlango wa Kijani.

Nyongeza: Barua hii niliitia kwenye bahasha leo asubuhi nikapanda baiskeli kuja kuwakabidhi mkononi, kama inavyostahili. Karakana yenu iko mtaa ambao enzi zangu ulikuwa uwanja mtupu. Nilizunguka. Nilipita mbele ya duka moja la magodoro mara nne, mpaka mwenye duka akaanza kunipungia mkono. Saa tano nikarudi nyumbani, nikachukua simu ya binti, naye akajifanya haoni. Nikaiuliza ramani yenu. Ikaniambia nipite mlango wa nyuma.

Nikafungua kufuli, nikavuka. Si hatua tisini na nne tena, siku hizi ni mia moja na kumi na mbili, goti limezifupisha. Dada alikuwa kwenye kizingiti chake anafunga vikombe kwa magazeti na kuvipanga kwenye boksi. Nikasema shikamoo. Ilitoka. Akaitikia marahaba, akaitazama bahasha, akauliza naenda wapi. Nikamwambia kwa watu wa ramani. Akaweka kikombe chini, akachukua fimbo yake, akasema twende, mdogo wangu, wewe utapotea. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshapotea tayari.

Tumekuja taratibu, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma nasukuma baiskeli. Nilishangaa kwamba hakuuliza njia hata mara moja. Tulipoingia humu ndani mkasimama wote kwa pamoja mkasema, shikamoo, Miguu Miwili. Nyinyi mlijua, mimi ndiyo kwanza nimejua. Na magoti yale! Nilipomgeukia akaniambia kwamba kuja kugonga mwenyewe aliogopa, kwa kuwa angegonga yeye nisingefungua. Ndipo akaona atume watu nisiowajua, maana hao anajua nisingeweza kuwaacha nje. Nikaketi kwenye benchi lenu. Lilikuwa jibu la swali langu la namba moja, ingawa si kwa maandishi.

Kwa hiyo maombi yote matatu nayaondoa. Bwawa msichore.

Lakini anahama vilevile. Nimemsihi njia nzima, anasema ameshampa mwanawe neno. Basi nikaomba mmoja wenu anifungulie ramani nione huko anakokwenda. Ni nyeupe tupu. Kuna barabara kubwa moja na kituo cha basi, na baada ya hapo hakuna hata mstari mmoja unaofika kwa mwanawe. Na yeye anasema nisithubutu kumfuata huko peke yangu mpaka pawe pamechorwa. Nayaandika haya kwenye benchi lenu, yeye yuko kando yangu anasoma kila neno, na anataka iandikwe kwamba siku ile nyuma ya ghala nilikuwa nalia. Haya, nilikuwa nalia.

Naomba basi nifundishwe kuchora, leo leo, kabla hamjafunga. Mwisho wa mwezi nitamsindikiza mpaka huko, simu ya binti ikiwa mfukoni, na hatua zote kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwake zirekodiwe kwa jina langu. Jina langu humo liwe Mpotevu. Na kwenye mlango wa kijani futeni neno kufuli. Halipo tena. Kabla hatujatoka kwake dada alilitoa mkononi mwangu, akalifunga kwa gazeti na kulitia kwenye boksi pamoja na vikombe vyake, anasema anaondoka nalo.